Nadhiri Iliyobakiza Mwaka Mmoja

Mwezi wa saba ukikaribia, Yasna hukosa pa kuiweka mikono yake. Atashika sindano, ataiacha. Atajaza maji kwenye birika, atasahau kuwasha moto. Atatoka mlangoni atazame chini kuelekea bandarini kama mtu anayengoja mgeni, arudi ndani, atoke tena, mpaka mama yake, Bi Hortensia, aseme kutoka kitini, "Kaa, mwanangu. Unanitia kizunguzungu."

Si kwamba hana kazi. Katika mitaa ya juu ya Iquique, kule ambako nyumba ya mwisho imeegemea jangwa, fundi anayetafutwa nyakati hizo ni Yasna Challapa. Vyama vya ngoma vinajiandaa kupanda jangwani, kijiji cha La Tirana, kwa sikukuu ya Mama Karmeli, Bikira wa kanisa la huko, na kila chama kinataka sketi mpya, kofia za manyoya, mabega yaliyosheheni shanga. Satini hufunika kitanda chake, meza yake, mpaka jiko. Wanawake huja kupima, hujizungusha mbele ya kioo, huguna, hucheka, huondoka na mishono yake migongoni. Siku malori yakipanda, yeye hubaki mlangoni na tepu ya kupimia shingoni, akizipungia mkono nguo alizozishona.

Mwaka ule sketi moja kitandani ilikuwa yake.

Aliyejua ni Rosalba peke yake, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwenye mtoto mchanga asiyekubali kulala ila kifuani. Rosalba alikuwa mchezaji wa safu ya wanawake katika chama cha mtaa, jozi ya pili kutoka mbele. Sasa matiti yalikuwa yamejaa maziwa, akiruka yanalowesha blauzi.

"Nafasi yangu hiyo, ichukue," alisema, akimhamisha mtoto kutoka ziwa hili kwenda lile. "Safu haiwezi kwenda mbele ya Mama Karmeli ina pengo kama mdomo wa bibi. Haya, vaa nikuone."

"Pindo halijakwisha."

"Pindo! Tangu Pasaka unashona pindo moja. Sema unaogopa, tujue."

Yasna aliivaa. Ilikuwa ya buluu, yenye shanga zilizopanda kutoka chini kama povu la bahari linavyopanda mchangani. Alizunguka mara moja tu, upesi, kama mtu anayempita mbwa asiyemwamini. Rosalba alisogea aone vizuri. Mtoto naye akaachia ziwa, akageuza kichwa kutazama kile kinachometameta.

"Ona, hata huyu amekoma kunyonya," Rosalba akasema. "Bibi wee, mwaka huu watakuota."

Yasna alicheka, kisha akaivua haraka, maana alisikia ndala za mama yake zikikokota uani.

Ndani ya kabati, imefungwa kwenye shuka jeupe, kulikuwa na nguo nyingine ya ngoma. Ilikuwa suti ya kiume, nyekundu, na habari ya suti hiyo ndiyo habari ya Yasna tangu hajajua kusema.

Bi Hortensia alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha unga wa samaki, na alikuwa ameshazika mtoto mmoja Yasna alipozaliwa. Hata mwaka mtoto hajatimiza, kifaduro kikamshika. Alikuwa anakohoa mpaka midomo inageuka rangi ya bilinganya. Daktari alisema tungoje tuone. Tungoje! Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Anayesema tungoje mara nyingi ni yule ambaye si wake. Bi Hortensia alikata suti kama ile wanayovaa wanaume wa safu ya makayamba, ndogo kama ya mwanasesere, akapanda nayo La Tirana, akaiweka miguuni pa Mama Karmeli na kusema kwa sauti, watu wakimsikia: nirudishie pumzi ya mwanangu, naye atakuchezea ndani ya suti hii hii miaka kumi na miwili, ikimbana nitaiongeza kitambaa, lakini suti ni hii.

Aliporudi nyumbani, mtoto alikuwa amelala, kifua kinapanda na kushuka kama cha watu.

Katika chama chao nadhiri huondolewa ndani ya nguo iliyowekewa nadhiri, si nyingine. Basi suti ikawa inaongezwa. Kila mwaka kipande kwapani, kipande kiunoni, utepe miguuni, mpaka ile nguo ya mwanasesere ikawa imekaa katikati ya mgongo wa suti kubwa kama kokwa ndani ya tunda. Yasna alianza kucheza akiwa na miaka saba, kayamba la mbao mkononi, na kila mwaka mlangoni pa kanisa lilitangazwa jina lile la kiume alilobatizwa nalo, naye akaitikia kwa sauti aliyoiazima. Vipande vya mwanzo alivitia mama. Vya mwisho alivitia mwenyewe. Ndiko alikojifunzia sindano.

Alipomaliza kucheza mwaka wa kumi na moja aliikunja suti vizuri, akaiacha juu ya kitanda, akapanda basi la mji wa Arica. Huko alishona mapazia na magauni ya maharusi, alikunywa dawa zilizomlainisha mwili kidogo kidogo, akajichukulia jina la binti wa mwokaji mikate wa mtaa wa chini, msichana aliyekuwa akitembea kama mtu aliyetoka kuambiwa habari njema. Aliporudi baada ya miaka, Bi Hortensia alimfungulia mlango, akamtazama tangu nywele mpaka viatu.

"Umekonda," alisema. "Ingia."

Alimpa kiti. Akauliza aitweje, akaambiwa, na tangu siku hiyo hakukosea hata mara moja.

Lakini mwaka mmoja ulikuwa umebaki.

Yasna akikohoa, hata kwa moshi wa vitunguu, Bi Hortensia alikuwa anainuka kitini. Anamtazama mwanawe, anatazama kabati, anamtazama tena. Basi Yasna akajizoeza kwenda kukohoa nje, nyuma ya tangi la maji. Aliyajua macho yale, au alidhani anayajua. Anaona haya, alijiambia. Jina ameweza kulimeza. Mengine yamemkwama kooni.

Jumapili chama kilipokutana kwenye uwanja wa vumbi kufanya mazoezi, Rosalba hakungoja hata ngoma ipashwe moto. Alisimama, mtoto akiwa amefungwa kifuani, mbele ya Mzee Eleuterio Vilca, mshika filimbi, yule ambaye asipopuliza hakuna mguu unaonyanyuka.

"Nafasi yangu nampa Yasna."

Safu ya wanawake ilipiga makofi. Safu ya wanaume iliangalia viatu vyake. Baltazar, mpiga kayamba wa nyuma, ambaye kinywa chake hakina mlango, akasema, "Na mimi nipeni sketi basi. Suruali hii inanibana."

"Sketi ya kukutosha wewe itabidi tushone hema," mwanamke mmoja akamjibu, na watu wakaangua kicheko.

Mzee Eleuterio hakucheka. Alimvuta Yasna pembeni, ingawa si mbali. Kila mtu alisikia na kila mtu alijifanya anafunga kamba za viatu.

"Binti," alisema, na Yasna akashtuka kwa neno lile laini kutoka kinywa kigumu namna ile, "mimi sketi hainisumbui. Kinachonisumbua ni nadhiri. Una mwaka mmoja haujauondoa. Mwenye nadhiri shingoni hasimami safu nyingine. Sikuiweka mimi kanuni hiyo, nimeikuta."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo vaa suti mwaka huu. Huu tu. Mwakani simama na wanawake, na atakayekutania nitamtia filimbi hii puani."

"Na jina mlangoni?"

Mzee alijikuna shingo. "Hutangazwa lile lililowekewa nadhiri."

"Mbele ya watu wote wale."

"Mbele ya Mama Karmeli. Watu wapo tu."

Yasna aliangalia pembeni. Mzee akaona amemwumiza, akatafuta cha kumpoza, kama mwenye nyumba anayemtafutia mgeni kiti.

"Au vaa ngozi ya dubu wa ngoma. Dubu haitwi mlangoni, uso umefunikwa, unachezacheza kando ya safu upendavyo. Zamani wengi kama wewe walivaa dubu, na hakuna aliyewauliza kitu."

"Najua, Mzee. Wengine niliwashonea ngozi hizo mimi. Ndani mna joto, na nje anaonekana dubu."

Filimbi ikalia, ngoma zikaanza. Yasna aliondoka uwanjani bila kukimbia. Alipofika mtaani akaupita mlango wao, akashuka mpaka sokoni, akasahau alichokifuata, akapanda mpaka pale lami inapoishia, akasimama akitazama mchanga, akashuka tena. Mbwa wa mtaa walimzoea, lakini siku ile hata wao waliinua vichwa. Kila alipoamua neno, miguu ilimpeleka hatua chache na neno likageuka. Nitavaa. Sivai. Narudi Arica. Nirudi Arica nimwache nani na mama?

Alipoingia ndani, Bi Hortensia alikuwa ameshaandaa chai ya jioni, mkate wa moto na parachichi lililopondwa kwa chumvi.

"Rosalba ameniambia," mama alisema.

"Rosalba hana breki."

"Na sketi nimeiona zamani. Unaificha chini ya godoro, na godoro hulianika nani? Kaa unywe chai."

Yasna hakukaa. "Basi sema."

"Niseme nini?"

"Sema unaona haya. Usinizungushe, mama. Kila siku unanitazama kama mtoto aliyevunja kikombe cha jirani. Nimechoka kutazamwa. Nitaivaa suti yako. Mwaka mmoja, jina litangazwe, nadhiri itoke, utulie na mimi nitulie."

Aliingia chumbani, akaufungua mlango wa kabati kwa nguvu, akalifungua shuka. Suruali ilipanda kwa shida. Vifungo vya kifuani vilikataa. Kifua hakikuwa tena kile kilichopimiwa. Alivilazimisha, kimoja baada ya kingine, akivuta tumbo, akiishika pumzi ndani. Nywele akazisokomeza kwenye kofia. Kisha akatoka, akasimama mbele ya meza, mikono ikining'inia.

"Ndivyo unavyotaka?"

Hapo ndipo kikohozi kilipomjia, na hapakuwa na tangi la kujificha. Hakikuwa na pa kutokea. Suti ilikuwa imemkaza kama kamba inavyokaza mzigo. Alikohoa akakosa pumzi ya kukohoa tena, akashika ukingo wa meza, midomo ikaanza kubadilika rangi.

Chai ilimwagika yote. Bi Hortensia, mwanamke wa miaka sabini, aliizunguka meza ile kabla kikombe hakijafika sakafuni.

"Vua! Vua! Vua hii!"

Hakungoja avue. Alishika suti pande zote mbili akairarua mbele, vifungo vikaruka, kimoja kikazama ndani ya parachichi. Yasna akavuta pumzi kwa sauti, kama mtu aliyeibuka majini, akateleza chini, na mama akateleza naye. Wakakaa sakafuni kwenye chai. Bi Hortensia alikuwa ameweka kiganja juu ya kifua cha mwanawe na hakukiondoa. Ndivyo anavyowekewa mtoto mchanga mkono mama anapotaka kujua kama amelala au ni jambo jingine.

"Sioni haya," alisema baadaye. "Mjinga wewe. Haya ya nini? Ninaogopa."

"Unaogopa nini?"

"Kwa yule wa kwanza sikumwahidi Mama Karmeli kitu, nikamzika. Wewe nikaahidi, akanipa. Halafu nikabakiza. Kila ukikohoa nasema, huyo amekuja kudai. Nikikutazama sitazami nguo yako, natazama kifua. Nakitazama kama kinapanda."

Yasna alifumba macho. Miaka yote ile nyuma ya tangi la maji, na mama ndani ya nyumba akihesabu kimya chake.

Bi Hortensia aliiokota suti, akaikung'uta chai, akaitandaza magotini. Alikipapasa kile kipande kidogo cha katikati ya mgongo, chenye mishono yake ya ujana, mikubwamikubwa, ya mtu aliyekuwa akishona na kulia.

"Nilimwomba pumzi," alisema, kama anayesema na nguo. "Pumzi ndiyo niliyoomba mimi. Siyo hivi."

Tangu jioni ile wasiwasi ulihama kiti. Yasna sasa ndiye aliyekaa, na Bi Hortensia ndiye aliyetoka na kuingia. Alipika wali ukaungua. Alifagia uani asubuhi, akafagia tena mchana palepale. Alisimama mbele ya picha ya Mama Karmeli iliyo juu ya friji, akafungua mdomo, akaufunga, akachukua kitambaa akaifuta vumbi ambalo halikuwepo. Rosalba alichungulia, mtoto kifuani, akauliza kwa ishara, ana nini? Yasna akainua mabega.

Jumapili iliyofuata, mazoezi yakiwa katikati, watu walimwona Bi Hortensia akiuvuka uwanja kwa ndala, moja kwa moja kati ya safu mbili, bila kumpisha mtu. Mzee Eleuterio aliitoa filimbi mdomoni. Ngoma zikasita moja moja. Yasna, aliyekuwa kando akimrekebishia mchezaji mmoja bega, aliichomeka sindano mahali pasipo pake.

"Eleuterio," Bi Hortensia alisema, "nadhiri ile aliiweka nani?"

"Wewe, Bi Hortensia. Nilikuwepo."

"Mtoto alikuwa na umri gani?"

"Alikuwa wa kubebwa."

"Mtoto wa kubebwa anaweka nadhiri?"

"Haweki."

"Basi aliyefungua mdomo ni mimi. Nimekuja kuiondoa mwenyewe. Nipe nafasi kwenye safu ya suti."

Kicheko kikapita safu nzima kama upepo kwenye mabati. Baltazar akasema, "Bibi, kayamba lina uzito kuliko wewe."

"Nilikubeba wewe, Baltazar, mama yako akiwa zamu ya kiwandani. Ulikuwa mzito kuliko kayamba, na kayamba halinikojolei."

Sasa waliocheka walikuwa wanawake, na Baltazar akacheka nao, maana hakuwa na njia nyingine.

Mzee Eleuterio alingoja watulie. "Ndugu huruhusiwa kuondoa nadhiri ya mwenzake," alisema taratibu, "lakini ni kwa mchezaji aliyefariki. Ndivyo tulivyozoea."

Neno lile lilimpiga Yasna kabla hajajua kuwa linamhusu. Aliliacha bega la yule mchezaji, akasogea.

"Kwani mimi nimekufa, Mzee?"

Hakuna aliyecheka. Yasna akamgeukia mama yake. "Ndiyo maana yako? Univalie suti kama wanavyovaliwa maiti wao?"

"Nani kataja maiti?" Bi Hortensia alipandwa na hasira za kweli. "Nimesema maiti mimi? Eleuterio ndiye mwenye maiti, amzike mwenyewe. Mwanangu ni huyu amesimama, mnamwona nyote, nusu yenu mmevaa kazi ya mkono wake. Sijaja kuondoa nadhiri ya mtu. Nimekuja kuondoa yangu. Nilikopa kwa jina la mtoto asiyejua kusema hapana, na mtoto huyo ameshanilipia miaka kumi na moja. Huu mmoja ni wangu. Na yeye asimame atakapo, kwa jina lake."

Mzee Eleuterio alizungusha filimbi kwenye uzi wake. Alikuwa mtu wa kanuni, lakini kanuni aliyoijua haikuwa na mahali pa mama kama huyu.

"Mimi naweza kukupa nafasi kwenye safu," alisema mwishowe. "Mlango wa kanisa si wangu. Utamwambia Mama Karmeli mwenyewe, palepale, kwa sauti kama ulivyoahidi. Akikukatalia, sijui."

"Nitamwambia," Bi Hortensia akasema, akaanza kuuvuka uwanja tena kwa ndala zake.

Walipofika nyumbani Yasna alimsimamisha juu ya kigoda akaanza kumpima. Suti iliyoongezwa miaka yote ile sasa ilipaswa kupunguzwa. Alifumua kipande cha mwisho, kile alichokitia mwenyewe akiwa na miaka kumi na saba, akafumua cha kabla yake, akaendelea.

"Usinibane kwapani," mama alilalamika.

"Sikubani, unacheza. Simama."

"Akikataa je?"

"Nani?"

"Unamjua ni nani."

Yasna alikuwa na pini mdomoni, hakuweza kusema uongo wala kweli. Aliendelea kufumua. Hata yeye, ambaye kwa miaka alijiambia kuwa nadhiri ni mambo ya wazee, siku zile alikuwa akiamka alfajiri na kusikiliza kifua chake mwenyewe.

Malori yalipanda asubuhi yenye ukungu wa bahari, mzito kama sufi, na juu ya mlima ukungu ukakatika ghafla na jangwa likawa jeupe kwa jua. La Tirana ilikuwa imeshafurika. Mahema yamepangana mpaka kwenye miti ya tamarugo, sufuria za mchuzi wa nyama ya lama na mahindi zinafuka, tarumbeta za chama hiki zinapigana na ngoma za chama kile. Yasna alikwenda nyuma ya lori akavaa sketi ya buluu. Rosalba alimfunga mkanda kwa nyuma, mtoto akishika shanga moja na kukataa kuiachia, wakambembeleza mpaka akapewa kipande cha mkate.

"Umepauka," Rosalba akasema.

"Ni baridi."

"Baridi, na jua lote hili."

Chama kilijipanga mbele ya kanisa, safu mbili, wanaume upande huu na wanawake upande ule. Bi Hortensia aliwekwa usawa wa jozi ya pili, ili mwanawe amwone. Suti ilimkaa. Kofia ilikuwa imemshukia mpaka kwenye nyusi, na kayamba alilikumbatia kwa mikono miwili kama mtu aliyeokoa kuku kwenye mafuriko. Mlango ulikuwa wazi, na mbali ndani, juu ya maua, alikuwa amesimama Mama Karmeli mwenyewe katika joho lake.

Mzee Eleuterio aliinua mkono, ngoma zikanyamaza. Alimtazama Bi Hortensia.

Bi Hortensia alitoka safuni hatua chache. Alivua kofia, akaona hajui aiweke wapi, akaivaa tena.

"Mama Karmeli," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akakohoa, akaanza upya kwa sauti ya kiwandani, ile ya kushindana na mashine. "Mama Karmeli! Ni mimi Hortensia wa unga wa samaki. Nilikuahidi suti hii itakuchezea, nayo imekuja. Nimeivaa mimi kwa sababu mimi ndiye niliyekuomba. Mtoto usimdai, hakukuahidi kitu. Yule pale mwenye sketi ya buluu, jozi ya pili, ndiye. Anaitwa Yasna. Nimekuonyesha usije ukasema hukujua. Ukiwa na neno, niambie mimi."

Akangoja.

Wote wakangoja. Yasna aliyatazama mabega ya mama yake yaliyobaki madogo ndani ya nyekundu ile, na akawa hajui anataka nini kitokee, ishara au pasitokee kitu. Mshumaa mmoja ndani ulitikisika kwa upepo wa mlangoni na wenzake wakatikisika nao. Nyuma yao chama kingine kilikuwa kimeshafika kwenye mkia wa foleni, na mtu mmoja akapaza sauti, "Jamani, na sisi tunamngoja Mama! Sogeeni!"

"Amenyamaza," Mzee Eleuterio alisema chini chini.

"Kunyamaza ni kukubali?" Bi Hortensia akauliza bila kugeuka.

"Mama yangu mimi akinyamaza tulikuwa tunakimbia," Baltazar akasema, na safu nzima ya wanaume ikabana kicheko puani.

Hata Mzee midomo ilimcheza. Akajikaza, akanyoosha mgongo, akaanza kuita majina kuelekea ndani, moja moja, kama desturi. Kila aliyeitwa aliitikia na kupiga goti. Alipofika kwa Bi Hortensia alimwita jina lake kamili, naye akaitikia na kupiga goti, na Baltazar ndiye aliyemnyanyua. Kisha Mzee akavukia safu ya wanawake. Jozi ya kwanza. Akafika kwa Yasna, akasita. Akaishika filimbi, akaiachia.

"Yasna Challapa," aliita, "binti Hortensia."

Alikuwa ameitikia mlangoni pale mara kumi na moja kwa sauti ya kuazima. Sasa alitafuta ya kwake na haikuja mara moja. Mzee hakwenda kwa jina lililofuata. Alingoja.

"Nipo," Yasna akasema.

Filimbi ikalia na safu zikaingia.

Bi Hortensia alikosea hatua ya kwanza, akakosea ya pili, akaenda kushoto wote walipokwenda kulia, akarudi kulia wakati wenzake wamekwisha ondoka, kayamba likilia pale lilipopenda. Yasna alikuwa anazunguka, sketi ikifunguka na kufunga, na kila mzunguko alimtafuta mama kwa macho, akampata, akampoteza, akampata. Walifika madhabahuni. Shanga zikalia kidogo, zikatulia. Aliinua uso akamtazama Mama Karmeli kwa mara ya kwanza tangu ujana wake. Hakuomba kitu. Aliogopa kuomba kitu.

Kisha filimbi ikalia ya kutoka. Hakuna anayempa Mama Karmeli mgongo. Watu hutoka kinyumenyume, wakicheza, mpaka mlangoni. Bi Hortensia hakuwa amefanya mazoezi ya hilo. Hatua mbili, akayumba. Yasna alinyoosha mkono kuvuka nafasi iliyo kati ya safu, akaushika mkanda wa suti kwa nyuma, wakarudi pamoja, nyuso zote mbili mbele.

"Nani aliyeamua watu watembee kama kaa?" Bi Hortensia alinong'ona, akihema.

"Kushoto, mama. Kidogo. Kuna ngazi."

"Naiona."

"Huioni, iko nyuma yako."

Kisigino cha Yasna kilikuwa kimeshaigusa. Aliushika mkanda kwa nguvu zaidi.

"Basi niambie," mama akasema. "Niambie, nikanyage."

"Sasa," Yasna akamwambia.